Mke Mwenza wa Miguu Minne

Machteld binti Huybrecht alimwonea mbwa wivu. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, maana mtaa mzima hapa Haarlem ulicheka, na wanawake wa viwanja vya kuanikia kitani walicheka kuliko wote. Mimi sikucheka sana. Nimekaa meza moja na watu wasionitazama, najua inavyokuwa.

Mumewe, Wessel, alikuwa mchoraji wa wanyama, na si wanyama wa kusimama. Ng'ombe aliyelala akicheua hakumgusa moyo hata kidogo. Wako waliochora ng'ombe wa namna hiyo wakanenepa kwa faida, naye akawapita barabarani bila salamu. Alitaka farasi anayekurupuka, mbuzi anayeruka ua, paa anayegeuza shingo katikati ya mbio. Alifunika bamba la shaba kwa nta, akachora juu ya nta kwa sindano, kisha akalitia kwenye asidi ikala shaba pale tu sindano ilipopita. Hapo kazi yake iliishia. Kupaka wino, kuufuta, kulaza karatasi iliyoloweshwa na kuzungusha gurudumu la mtambo wa kuchapia, yote hayo yalikuwa ya Machteld. Na wino wa mabamba haufutwi kwa kitambaa peke yake. Mwishoni hufutwa kwa kiganja kilichopakwa chaki, taratibu, na kiganja ndicho kinachoamua wapi patoke peupe na wapi pabaki na ukungu. Kiganja cha kulia cha Machteld kilikuwa cheusi hata Jumapili kanisani, naye alikificha chini ya kitabu cha zaburi.

Mwanzoni mwa ndoa alimwomba mumewe amchore. Akavaa kola yake ya lesi iliyokazwa kwa wanga, akakaa dirishani mchana kutwa, hapepesi jicho, maana alidhani ndivyo inavyotakiwa. Wessel alichora, akafuta, akachora tena, mwisho akaiweka chaki chini.

"Umekaa kama jagi, mke wangu," alisema, wala hakukusudia ubaya. "Jagi mimi siliwezi."

Kisha akaigeuza karatasi ileile, akachora kwa nyuma mbuzi wa jirani aliyekuwa akipanda ngazi. Picha ya mbuzi ikapendwa sana. Machteld aliichapa mwenyewe, nakala baada ya nakala, na katika kila nakala alilisikia lile jagi. Walipata watoto wawili, wakawazika wote chini ya sakafu ya kanisa kabla hawajajua kutembea. Nyumba ikabaki ya watu wawili na mtambo. Machteld hakumwomba tena mumewe amchore. Lakini kuacha kuomba si kuacha kutaka.

Ndipo akaja Fleur.

Alitoka kwa bwana mmoja mwenye ardhi upande wa vilima vya mchanga. Alikuwa mbwa wa mbio, jike, mwembamba, mbavu zinahesabika, miguu mirefu kama ya mtu aliyepanda mironjo. Alikuwa na kosa moja tu. Alimkimbiza sungura, akamfikia, kisha akasimama. Hakuua. Bwana mwenye ardhi hakuwa na kazi na mwindaji mwenye huruma, akataka kumzamisha mferejini, na Wessel, aliyekuwa amekwenda kuchora farasi pale, akaomba apewe. Alirudi nyumbani amemkumbatia yule mbwa kifuani kama bwana harusi anayevusha kizingiti. Jina alimpa mwenyewe, la Kifaransa, la kike. Machteld hakulitamka. Yeye alimwita "huyo".

Sheria ya huku haichezewi. Sungura wa vilimani ni wa mabwana, na mbwa wa mtu wa kawaida akitoka nje ya lango la mji hutoka na kigogo cha mti shingoni, kimgonge magoti asiweze kukimbia. Akikutwa hana kigogo, mlinzi wa mawindo humpiga risasi palepale, na hamwulizi mtu. Kwa hiyo Wessel alimfungia Fleur uani, akamvua kigogo, akamrushia mpira wa matambara huku na huku siku nzima huku akichora. Machteld, kwenye mtambo wake, alisikia kila neno kupitia dirishani.

"Njoo, mpenzi wangu. Geuza shingo. Hivyohivyo. Aa, hivyohivyo, usiondoke, kipenzi."

Kwa mke, maneno ya mume huyu yalikuwa kama chumvi kwa mgonjwa: kidogo, na kwa nadra. Kwa mbwa yalimwagika. Mbwa alinunuliwa mapafu ya ng'ombe buchani siku ambayo mke alikula samaki wa chumvi na mkate mkavu. Mbwa alikatiwa jibini kutoka sahani ya bwana. Siku moja Machteld alimkuta mumewe amepiga magoti, anapitisha kidole ubavuni mwa Fleur, ubavu kwa ubavu, amefumba macho ili mkono ukariri. Alisimama mlangoni na ndoo yake. Wessel hakujua kama kuna mtu mlangoni.

"Mwenzangu, mke mwenzio kaamkaje?" Trijn alimwuliza kisimani. Trijn alikuwa jirani yake na kiongozi wa wanawake wa kuanika kitani, mwanamke mpana, mwenye mikono myekundu na mdomo usiojua Jumapili.

"Muulize mume wangu. Yeye ndiye anayeamka kumwangalia."

"Na zamu mnagawanaje?"

"Zamu zote zake. Mimi nina zamu ya kufagia manyoya."

"Basi na wewe ota mkia, shoga," alisema Trijn, na wanawake wote wakaangua kicheko. Machteld akacheka nao, maana asiyecheka ndiye anayechekwa zaidi, halafu akaenda nyumbani akafagia manyoya akiwa na machozi.

Jioni moja walikuwa mezani kwa supu ya njegere.

"Fumba macho," alimwambia mumewe.

"Kwa nini?"

"Fumba tu, hutakufa."

Wessel akafumba, kijiko mkononi.

"Macho yangu rangi gani?"

Kijiko kilianza kudondosha supu kwenye kitambaa cha meza.

"Ya kawaida," alisema.

"Kawaida nayo ni rangi?"

"Kahawia. Au... Machteld, supu inapoa."

"Na ya huyo?"

"Kahawia ya bia nyeusi, la kushoto lina doa la manjano pembeni," alijibu upesi, macho bado ameyafumba, tena sasa anatabasamu. "Akigeukia jua lile doa linawaka."

"Fumbua ule supu yako."

Macho ya Machteld yalikuwa ya kijivu. Usiku ule wivu haukumwachia nafasi ya usingizi. Alikuwa hataki makubwa. Hakutaka hariri wala lulu. Alitaka mumewe amtazame mara moja, mara moja tu, kama alivyomtazama yule mbwa, na aliona wazi kwamba maadamu yule mbwa anapumua, mara hiyo moja haitakuja.

Mwezi wa Mei Wessel alifunga picha zake kwenye kitambaa cha nta, akasema anakwenda Amsterdam kwa ile mashua ya kukokotwa na farasi, kumwona mwenye duka la picha. Aliondoka alfajiri, na Machteld alisubiri hadi nyayo zake zipotee barabarani na jua lipande. Kisha akamtia Fleur kamba na kigogo, akatoka naye kwa lango la magharibi.

Walipita viwanja vya kitani. Majora yalikuwa yametandazwa majanini, meupe hadi macho yanauma, na wanawake wa Trijn walikuwa wakiyarushia maji kwa miiko mirefu. Machteld hakusimama kusalimiana. Alikwenda hadi nyasi zinapokwisha na mchanga unapoanza, mahali mlinzi anapopita kila asubuhi. Hapo akainama, akafungua ukanda, kigogo kikaanguka. Alijiambia kwamba haui mtu. Anavua tu kipande cha mti. Mtu akitaka kutenda ubaya, hakosi maneno mazuri ya kuufunikia.

"Nenda," alisema.

Fleur alitembea hatua chache, akajinyoosha, akashangaa wepesi wa shingo yake. Kisha akarudi, akatia pua yake kwenye kile kiganja cheusi, maana kilinuka mafuta ya wino na yeye alipenda mafuta.

"Nenda zako, nimesema. Hunisikii, we malaya wa miguu minne?"

Mbwa akatikisa mkia. Machteld akaokota mchanga akamrushia. Mbwa akadhani ni mchezo. Machteld akavua kiatu chake cha mti cha mguu wa kushoto, akamtupia kwa hasira zote za miaka yote. Fleur akakidaka hewani. Wessel alikuwa amemfundisha kudaka. Akageuka na kiatu mdomoni, akatimka kuelekea viwanja vya kitani.

Hasira zikampanda Machteld kichwani. Kumpokonya mume, na sasa kiatu. Akakimbia nyuma yake akimtukana, sketi ameishika kwa mikono miwili, aproni inapepea. Fleur akapita juu ya majora meupe akiacha alama za nyayo, na wanawake wakaacha miiko yao.

"Bi Machteld, mke mwenza kakuvua kiatu," Trijn alipaza sauti. "Kimbia, asije akakuvua na sketi."

Hapo ndipo sungura alipochomoka. Alikuwa amejificha ukingoni mwa kiwanja, akaruka chini ya pua ya Fleur na kukata kuelekea vilimani. Fleur akakiacha kiatu kidondoke. Machteld, ambaye alikuwa ameishi na mbwa huyu kipindi chote kile na kumwona akizunguka uani kama punda wa kinu, hakuwa amewahi kumwona akikimbia. Sasa alimwona. Mbwa alikuwa mrefu kuliko alivyo, miguu yote hewani, na ulikuwa uzuri wa kumfanya mtu asahau anamchukia nani.

Kisha akamwona mlinzi. Alikuwa ametokea juu ya tuta la mchanga, amesimama, anaitelemsha bunduki begani.

Hilo ndilo alilokuwa amelijia. Lilikuwa linatokea mbele ya macho yake, sawasawa na alivyolipanga, bila kasoro. Na hakufurahi. Alianza kukimbia upya, na safari hii hakukimbilia kiatu. Alikipita kiatu bila kukitazama.

"Fleur," aliita. Hakuwa amewahi kulitamka jina hilo, nalo lilimtoka vibaya, kwa sauti ya mtu anayekabwa. "Fleur, Fleur, njoo, mwanangu, njoo."

Fleur alikuwa amemfikia sungura, na kama kawaida yake akasimama, hajui la kumfanya. Sungura akaenda zake. Mbwa akageuza shingo, akaisikia ile sauti, akarudi kwa mbio zilezile. Machteld alikuwa sasa katikati, kati ya bunduki na mbwa. Fleur alipomfikia, Machteld alijiachia chini majanini kwa uzito wake wote, akamvuta kwa ngozi ya shingo, akamfunika kwa sketi zake zote tatu zilizopandana.

Mlinzi, ambaye vichaka vilimficha mwisho wa mbio alipokuwa akiteremka, alifika anahema, bunduki mkononi. Alikuwa kijana mwekundu, ametoka mkoa mwingine, na wanawake wa huku walimwogopa kwa bunduki yake tu.

"Mbwa yuko wapi?"

"Mbwa gani, bwana?" Trijn alikuwa amekwishafika, ameuweka mwiko wake begani.

"Yule mwembamba. Hana kigogo. Nimemwona kwa macho yangu."

"Na sisi tumemwona. Kaelekea baharini. Kwa mwendo ule saa hizi yuko Uingereza."

Wanawake wakacheka. Mlinzi hakucheka.

"Na huyu mbona kakaa chini?"

"Kateguka mguu. Humwoni hana kiatu? Au kazi yako siku hizi ni kukagua na sketi za wake za watu?"

Kijana akazidi kuwa mwekundu. Alimtazama Machteld, aliyekuwa akilia machozi ya kweli, akadhani ni maumivu. Chini ya sketi, moyo wa Fleur ulikuwa ukipiga kwenye muundi wake, dugudugu, dugudugu, na ulimi wa moto ulikuwa unamlamba goti. Nani mwingine katika nyumba ile alikuwa amemgusa hivyo? Mlinzi aliguna, akaenda zake kupekua vichaka.

"Shoga," alisema Trijn mlinzi alipokuwa mbali, sauti ameishusha, "kigogo kilimvukaje?"

Machteld alimwinamia mbwa, akamfuta mchanga puani.

"Haya. Kesho uje unisaidie kuyaloweka upya haya majora kwenye mtindi, yarudie weupe. Kayachafua mke mwenzio."

Machteld alirudi nyumbani na mbwa, kigogo shingoni, kiatu mkononi. Jioni Wessel akaingia, mchanga kwenye soli za viatu.

"Amsterdam wazima?" mkewe alimwuliza.

"Sikufika. Mashua ilijaa," alisema, akapita moja kwa moja chumbani kwake, akajifungia.

Kuanzia siku hiyo Machteld aliishi na hofu. Mchanga ule ulimnyima raha. Kama amejua, mbona hasemi? Kama hajui, mbona hatoki? Wessel alikula amesimama, akarudi kwenye nta yake. Hakumrushia tena mbwa mpira, hakumwita kipenzi. Fleur alikaa mlangoni pake siku kadhaa akilia puani, hakufunguliwa, mwisho akahamia kwa Machteld, akalala chini ya mtambo, kidevu juu ya mguu wake. Machteld alimwacha. Alimkatia na jibini, kwa siri, kama mwizi anayerudisha kidogokidogo. Usiku alijiuliza atamwambiaje mumewe kwamba alikwenda kumwua kipenzi chake, na ataachwa au atapigwa, au atafanywa jambo baya kuliko yote mawili, yaani hatatazamwa tena kabisa, hata kwa bahati mbaya.

Mwisho bamba likaja. Wessel alilisukuma mezani, limeoshwa, linang'aa, akaenda kunywa bia yake jikoni.

Machteld alipaka wino. Akafuta kwa kitambaa, akapaka kiganja chaki, akaanza kufuta kwa kiganja, na chini ya kiganja mambo yakaanza kutoka. Mistari ya mchanga. Kunguru wanaoruka kwa hofu. Sungura, masikio yamelala mgongoni. Kisha Fleur, amejinyoosha hewani, miguu yote minne haigusi ardhi, kila ubavu mahali pake. Nyuma yake, mdogo kama pingili ya kidole gumba, mwanamke. Aproni inapepea, sketi imeshikwa kwa mikono miwili, mguu mmoja hauna kiatu.

Kwenye bamba kila kitu huwa kinyume, kwa hiyo hakuamini. Alilaza karatasi, akazungusha gurudumu, akaibandua karatasi kwa ncha za vidole. Mguu mtupu ulikuwa wa kushoto.

Alikaa juu ya kigoda. Miaka yote aliyoomba na miaka yote aliyoacha kuomba ilimjia kwa pamoja, akalia kwa furaha, nasema furaha, asinibishie mtu. Amechorwa. Mdogo, amegeuka nyuma, kati ya kunguru na mbwa, lakini amechorwa, na hakuwa jagi. Alikimbia kweli. Upepo ulikuwa ndani ya nguo zake.

Kisha akafikiri, na furaha ikapoa.

"Wessel."

Akaja, kikombe mkononi.

"Huyu nani?"

"Mwanamke anayekimbia."

"Wessel."

"Wewe," alisema, na akakaribia, macho yanamng'aa. "Sijawahi kukuona hivyo. Ule mgongo. Ulikuwa kama umeshikwa nguo na mtu na wewe unamkatalia. Nilisema, kumbe huyu naye anakimbia."

"Ulikuwa wapi?"

"Juu ya kilima, nyuma ya miiba. Mashua ilijaa, nikaona nisipoteze siku."

"Ulituona tangu wapi?"

"Tangu mlipotoka langoni."

"Uliniona nikifungua kigogo."

"Nilikuona."

"Na ulijua ni kwa nini."

Wessel alitazama ndani ya kikombe. "Nilijua."

Alisubiri amtukane. Hakumtukana. Fleur, chini ya mtambo, aliinua kichwa akiwatazama kwa zamu.

"Na mlinzi, ulimwona?" aliuliza Machteld, taratibu.

"Nilimwona kabla yako. Alipita chini yangu."

"Alipoitelemsha bunduki?"

"Niliona."

"Mbona hukupiga kelele, Wessel? Mpenzi wako yule. Kipenzi chako, mla mapafu. Ungeita tu mara moja, angekusikia."

"Angegeuka," alisema Wessel, na alikuwa anamweleza kwa upole, kama anayemweleza mwanafunzi. "Nilikuwa bado kwenye miguu ya nyuma. Angegeuka, mstari ungekatika."

"Angekufa."

"Nilikuwa nachora," alisema.

Hakusema zaidi, wala hakuona kwamba amesema jambo. Machteld alimtazama mumewe, kisha akamtazama mbwa chini ya mtambo, na doa la manjano kwenye jicho la kushoto, na akaona aibu ya ajabu. Ule wivu wote, zile kucha zote, alikuwa amezielekeza kwa asiyehusika. Huyu mnyonge hakuwa amependwa kuliko yeye. Alikuwa amekimbia tu, na siku alipokuwa anakimbilia risasi mpenzi wake alikuwa anamalizia mguu. Wake wenza walikuwa wawili, wote wamedanganyika, na mume alikuwa na mpenzi wa tatu mkononi mwake, kipande cha chaki, ambaye hakuna mwanamke wala mbwa angeweza kumtoa nje ya lango.

Wivu haukuisha. Ulihama tu.

"Fumba macho," alisema.

"Tena?"

"Fumba. Macho yangu rangi gani?"

Wessel alifumba, akakunja uso, akajaribu kwa moyo wote, nampa haki yake.

"Machteld," alisema mwishowe, "ulikuwa umenipa mgongo."

Picha ile ilipendwa kuliko zote alizowahi kufanya. Mwenye duka wa Amsterdam aliagiza, akaagiza tena, na Machteld alichapa kiangazi kizima, Fleur kalala juu ya miguu yake. Alimfuta mbwa wa kwenye bamba hadi shaba ikang'aa kama kioo, na mwanamke vilevile, asibaki na hata chembe ya ukungu, wote wawili wakatoka kwenye karatasi wamemulikwa na jua. Kisha kiganja kilishuka pembeni chini, mahali Wessel alipoandika jina lake kwa kinyume, na hapo kilipita haraka haraka, juu juu.

Mwenye duka alikuja mwenyewe kabla ya baridi kuanza. Alikuwa na nakala kadhaa mkononi, uso wa mashaka.

"Bwana Wessel, watu wanaipenda mno. Wanasema hawajaona mbwa akimbie hivi, na yule mwanamke ndiye anayewachekesha na kuwahuzunisha. Ila wananiuliza nani kaichora. Jina halisomeki. Liko ndani ya wingu."

Wessel alilichukua bamba, akalipeleka dirishani, akaliinamisha kwenye mwanga. Jina lilikuwa pale, la kina, herufi kwa herufi.

"Hapa limetulia kabisa," alisema. "Mbona kwenye karatasi halitoki?"

Machteld alikuwa anapaka kiganja chake chaki. Hakuinua uso.

"Sijui, mume wangu," alisema. "Nilikuwa nafuta."